Malkia wa Sanduku la Kijiji

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huikumbuka methali hii wakati sahani inapopitishwa, maana mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata paja. Hiyo ni maana ya tumbo. Ipo nyingine: kwamba dawa ya nyumba huweza kuja na mtu asiye wa nyumba ile, tena yule uliyempa kigoda kibovu. Kornelio aliijua ile ya kwanza tu. Ya pili alifundishwa na nyuki.

Mwaka 1975, kijiji kimoja cha ujamaa kando ya Mto Mkondoa, si mbali na stesheni ya Kidete, kililetewa mzinga wa kisasa wa mbao, nyuki wakiwa tayari ndani. Watu waliuita sanduku. Bwana Nyuki, mtaalamu aliyeuleta, aliwaeleza wanakijiji kwamba ulikuwa wa majaribio.

"Nitarudi baada ya miezi miwili," alisema. "Nikiukuta umejaa nyuki, nitawaletea mingine ishirini. Nikiukuta mtupu, hiyo ishirini itakwenda kijiji cha Magole."

Kornelio, balozi wa nyumba kumi, alisimama mbele ya mkutano akaapa kulitunza sanduku lile kama mboni ya jicho lake. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Tatizo lake ni kwamba ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye semina ya siasa Kilosa mjini, na kichwa chake kilikuwa na maneno mengi kuliko nafasi.

Jioni ya kwanza alifungua sanduku, jirani yake Stefano akishika kopo la moshi. Katikati ya masega waliona nyuki mmoja mrefu kuliko wote, amezungukwa na wenziwe.

"Hebu mtazame huyu," Kornelio alisema. "Hachoti maji, haleti chavua, wenzake wanamlisha mdomoni! Ni nani huyu kama si mnyonyaji?"

"Labda ni mgonjwa, ndugu."

"Mgonjwa gani mwenye kitambi? Asiyefanya kazi asile!" Akamminya kwa kidole gumba.

Siku nane baadaye aliona vijumba vinne vikining'inia kwenye sega, vikubwa mfano wa maganda ya karanga. Nyuki wote walilelewa katika vijumba vidogo vya sawasawa. Hawa wanne walikuwa nani hata wajengewe majumba? Akavikata vyote kwa kisu, akarudi nyumbani kifua mbele.

Tangu siku ile mambo yakaenda mrama. Nyuki waliacha mvumo wao wa kawaida wakawa wanatoa sauti ya kulalama. Walitoka wakazurura mlangoni, wakarudi bila kitu. Majana, yale makinda meupe ya nyuki, hayakuonekana tena, na siafu walianza kupeleleza miguu ya sanduku. Kornelio hakujua ashike lipi aache lipi. Alilihamishia sanduku kivulini, akalirudisha juani. Aliwawekea nyuki maji ya sukari, sukari ambayo hata nyumbani kwake haikuwapo. Siku moja Stefano alimkuta amesimama mbele ya sanduku akilihutubia.

"Nimewaondolea mnyonyaji, nimewabomolea majumba," alisema kwa uchungu. "Mbona kazi inapungua badala ya kuongezeka?"

Stefano aliwafagia siafu kwa tawi.

Wakati huo alipita Hildegarda na jembe lake begani. Huyu mama aliletwa na lori kutoka milimani mwaka uliotangulia, watu walipohamishiwa vijijini. Wenziwe walishuka na vitanda na masufuria. Yeye alishuka amekumbatia mzinga wa gogo, urithi wa baba yake, na kijiji kizima kikacheka. Ni Kornelio aliyempa kiwanja cha mwisho kabisa, kando ya kinamasi. Na mikutanoni ni yeye aliyezoea kusema, "Wageni watasikiliza kwanza."

Hildegarda alitega sikio kwenye sanduku.

"Ndugu Hildegarda, usiguse mali ya kijiji!"

"Siigusi, naisikiliza. Hawa wanalia. Mama yao yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Malkia. Mrefu, mwenye tumbo refu."

Kornelio alikificha kidole gumba nyuma. "Yule si mtawala wao?"

"Hatawali mtu. Anataga mayai usiku na mchana. Nyuki wote hawa ni watoto wake, na akifa hujenga vijumba vikubwa wamlee mwingine."

"Na wale wanene wanaonguruma sana?" Kornelio aliuliza, maana hao alikuwa akiwasifu kwa bidii yao.

"Madume. Hao ndio hawafanyi kazi."

Stefano alijifanya anakohoa. Hildegarda alitaka kuendelea, lakini Kornelio alikwisha kushika njia kwenda kuwatafutia mama mwingine. Kundi la nyuki lilikuwa limetua kwenye mti karibu na reli. Yeye na Stefano walilivamia, wakaumwa hadi nyuso zikavimba, wakampata malkia, naye Kornelio akamtumbukiza sandukuni.

Asubuhi malkia alikuwa mbele ya mlango wa sanduku, amekufa, mabawa yametafunwa.

Kornelio alipigwa na butwaa. Hawana mama, amewapa mama, wamemuua! Sasa wanataka nini? Aliona aibu, akaogopa, akajiona mjinga kuliko siku zote za maisha yake. Zilibaki wiki tano Bwana Nyuki arudi. Alitembea taratibu mpaka nyumba ya mwisho kando ya kinamasi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umenisalimia," Hildegarda alisema bila kutabasamu. Aliposikia yaliyotokea alitikisa kichwa. "Ulimtupa tu ndani? Mgeni hana harufu ya nyumba, mwanangu. Nami niliposhushwa hapa mlinizunguka vivyo hivyo. Bahati yangu ninyi hamna miiba."

Kornelio aliinamisha kichwa.

Jioni hiyo Hildegarda alifungua gogo lake, akamtoa malkia wake mwenyewe.

"Na mzinga wako je?"

"Una majana machanga. Watalea mwingine, Mungu akipenda."

Alimwingiza malkia katika kipande cha mwanzi chenye matundu membamba, akaziba mdomo kwa sega la asali, akakining'iniza sandukuni. "Watakula asali hiyo kidogo kidogo. Mpaka wamfikie, atakuwa ananukia kama wao. Usifungue kwa siku saba."

Zilikuwa siku saba za kuchanganyikiwa. Kornelio alisikia mvumo ukipanda na kushuka, asijue ni hasira au furaha. Siku ya saba walifungua. Mwanzi ulikuwa mtupu, na ndani ya vijumba yalisimama mayai meupe, membamba kama uzi. Kornelio alilia mbele ya Stefano bila kujificha.

Bwana Nyuki aliporudi, sanduku lilikuwa limejaa. Mkutano uliitishwa, naye akauliza, "Mtaalamu wenu ni nani?" Watu wote walimgeukia Kornelio. Ndipo alipotambua kwamba Hildegarda hayupo. Hakuna aliyekumbuka kumwita.

Alimfuata mwenyewe. Alimkuta ameketi karibu na gogo lake, na gogo lilikuwa kimya.

"Malkia wao mpya alitoka kuruka kutafuta madume, hakurudi," mama alisema polepole. "Ndege hula nyuki pia."

Kornelio aliliinua gogo lile begani, akafuatana na mama mpaka mkutanoni, akalitua kando ya sanduku. Akaeleza yote, tangu kidole gumba hadi mwanzi. "Mimi niliua," alisema. "Aliyeponya ni huyu, na kuponya kumemgharimu mzinga wa baba yake." Kijiji kikakubaliana kwamba kundi la kwanza litakalogawanyika kutoka sandukuni litaingia katika gogo lile, na kwamba ile mizinga ishirini itakuwa mikononi mwa Hildegarda.

Mkutano ulipotaka kufungwa, Kornelio alisimama tena. "Leo wenyeji tutasikiliza kwanza," alisema, akampisha mama kwenye kiti chake. Kwani kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.