Nani Aliyeamsha Pombe ya Suluhu?

Tegeni masikio, na mwenye busara asisinzie, maana hukumu mtaitoa nyinyi.

Mlimani palikuwa na majirani watatu, kila mmoja na alichojaliwa na Mungu. Ndelilio, chungu chake cha pombe hakikufa kamwe. Kila alipopika alibakiza povu na machicha yaliyo hai, akaanzishia pombe nyingine. Kokuu alijua kukausha mratina, lile tunda la mwegea litiwalo kwenye pombe ya asali. Hamira hulala ndani yake ukiwa mkavu, hata mwaka, na ikiloweshwa huamka. Manase alikuwa mlokole asiyeonja kileo, lakini mikono yake ilijua joto. Mayai yaliyotelekezwa na kuku aliyaangua mwenyewe kwa majivu ya moto.

Jirani yao Aikande, mjane, alikuwa na mwana mmoja tu, Elinami. Huyu alimvunja mkono mwanakijiji mwenzake, Shirima, wakigombea maji ya mfereji. Wazee wakamfukuza, wakasema: "Atarudi siku mama yake atakapoleta pombe ya asali kutoka jikoni kwake. Pombe ikikataa kuchachuka, nyumba ile imekataa suluhu."

Aikande akatia chunguni asali yake yote. Lakini kwa pupa na machozi akamimina maji yangali ya moto juu ya mratina wake, hamira ikafa. Chungu kikanyamaza kama kaburi, na siku waliyoweka wazee inakuja.

"Ee Mungu, nimemfungia mwanangu mlango kwa mkono wangu!"

Ndelilio akamkuta kapiga magoti. "Mama Elinami, inuka. Mungu hapiki pombe." Akakomba povu lake lote akalitia humo, na pombe ya posa ya binti yake, iliyokuwa ikilingoja povu hilo, ikaharibika. Kabla jua halijachwa chungu cha Aikande kilikuwa kinanguruma. Kisha ukashuka ukungu wa baridi. Povu likazama, na pombe bado tamu kama chai ya mtoto, haijachachuka.

Kokuu akaja amejifunika kanga usoni, kwani Shirima ni kaka yake. "Akijua, kwake sikanyagi tena." Akatumbukiza mratina wake mkavu. "Huu hauna mbio, dada, ila hauchoki." Na kweli, kakaye alijua.

Lakini baridi ilizidi, na mratina ukasita. Manase akakizungushia chungu majivu ya moto, akakifunika blanketi lake, akakikumbatia.

"Mtumishi, umeanza lini kulea mtungi?" wakamcheka waumini wenzake.

"Nalea amani. Piteni!"

Kanisani wakamzuia asiikaribie meza ya Bwana. Pombe ikachachuka, kali, safi.

Sasa wazee wameketi. Desturi ni hii: aliyeamsha pombe ndiye anayeonja kwanza, na anayerudi huwa mwanawe pia, wa kumtunza uzeeni. Mama hutaja jina moja tu. Yakitajwa mawili, pombe inamwagwa.

"Bila povu langu," akasema Ndelilio, "asali ingeoza kabla mratina haujafumbua macho."

"Na bila mratina wangu," Kokuu akajibu, "leo mngekunywa maji ya asali."

Manase akainamisha kichwa. "Bila joto, hamira zenu zote ni maiti. Kuonja siwezi, nitagusisha midomo tu, Mungu anisamehe. Lakini sina mtoto wa kunizika."

Aikande akawatazama mmoja mmoja. Nje ya ua wa masale, mmea wa kuombea msamaha, Elinami amesimama, amekonda, mguu hauthubutu kuvuka. Shirima ameweka chini kata ya kunywea suluhu kwa mkono wake mzima, anataka kuondoka.

"Mama," mzee akasema, "taja."

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Mwana yuko mlangoni na kata ni moja. Mngekuwa Aikande, mngemkabidhi nani kata hiyo?