Kiboko na Baiskeli ya Kuinua kwa Kidole

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kilima!

Tukipande!

Palikuwa na baiskeli!

Tuisukume!

Palikuwa na aliyechoka?

Hayupo, sema!

Haya, mmesema wenyewe. Nisimwone mtu anasinzia.

Hapo kale, tena si kale sana maana baiskeli zilikwishafika, kulikuwa na kilima kikali kikiitwa Katapumzi. Chini mto, juu gulio. Maziwa yalikamwa huko chini mtoni, na wanywaji wote walikaa juu gulioni. Nani aliyepanga hivyo sijui, lakini alitaka watu wachoke.

Bi Nguchiro ndiye aliyekuwa akipandisha maziwa. Mnamjua nguchiro? Kiumbe kidogo, kiuno chembamba, macho hayatulii. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na baiskeli aliyoachiwa na marehemu mumewe. Baiskeli gani hiyo! Chuma kitupu, nyeusi, keria pana la kulalia mtu, siti imezungushiwa mpira. Akipanda kilima ilikuwa inalia kwecha, kwecha, kwecha. Ikifika pale penye mwinuko mkali, anashuka na kusukuma, kwecha, kwecha, kwecha. Kusukuma Katapumzi hakukuwa aibu, kila mtu alisukuma. Asubuhi anapandisha dumu la maziwa. Jioni anashuka na masalia ya gulioni ambayo wauzaji humpa mchukuzi kwa desturi, maboga yaliyopondeka na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hapo ndipo watoto wanne walipopata uji na kitoweo.

Na huko mtoni alikaa Bwana Kiboko. Mkubwa, ana nguvu, na tamaa yake ilimtangulia mlangoni. Yeye na marehemu walikuwa marafiki, kwa hiyo alimwita Bi Nguchiro shemeji. Alikuwa na shamba zuri la miwa. Siku moja akaliuza lote, mche kwa mche, akaenda mjini. Aliporudi alikuwa na baiskeli.

"Shemeji, njoo uone!"

Bi Nguchiro akaja.

"Inua."

"Niinue nini?"

"Baiskeli, shemeji! Kwa kidole kimoja!"

Bi Nguchiro akaweka kidole chini ya bomba. Akainua. Lahaula! Baiskeli ikapanda juu! Hajawahi kuona kitu kama hicho. Akaishusha taratibu. Aliipenda, nisiwafiche.

"Hongera sana, Bwana Kiboko," akasema. "Sasa utaifanyia nini?"

"Nitapandisha maziwa."

"Maziwa napandisha mimi."

"Ulikuwa unapandisha," akasema Kiboko. "Mwenye chuma kama hicho anawazibia wenzake njia. Barabara hii inataka mwepesi mmoja tu."

Bi Nguchiro akaona giza mchana kweupe. Akapanda mbio kwa Kanga, mwenyekiti wa gulio. Kanga alikuwa mama wa maneno mengi na sheria nyingi, na meza yake ndiyo iliyopokea maziwa yote. Kiboko naye akafuata, akaeleza haja yake. Kanga akawasikiliza, akazunguka mara tatu, kang'a, kang'a, kang'a.

"Mtashindana," akasema. "Siku ya nne kutoka leo. Mtaanzia mtoni, kila mtu na dumu lake la maziwa limejaa. Hapa kwetu safari si miguu ya mchukuzi, safari ni mzigo. Dumu litakalokaa kwanza juu ya meza yangu, mwenyewe ndiye mwenye barabara. Atakayeshindwa ataacha kazi ya maziwa."

"Mwenyekiti, nina watoto," akasema Bi Nguchiro.

"Na mimi nina watoto kumi na sita," akasema Kanga. "Siku ya nne."

Usiku ule Bi Nguchiro hakulala. Yule mdogo wake wa mwisho akamuuliza, mama mbona unavuta kamasi, akamjibu ni moshi. Moshi gani, na moto ulikwisha kuzimwa zamani! Alikuwa analia. Lakini nguchiro akilia, kichwa hakiachi kufanya kazi. Akawaza, baiskeli ile siiwezi. Mwenye baiskeli je?

Kesho yake jioni akashuka na masalia ya gulioni, mkungu mzima wa ndizi kwenye keria. Hakwenda nyumbani. Akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuiona tena, roho imeshindwa kutulia." Akaweka kidole chini ya bomba, akainua. "Nyepesi! Lakini..."

"Lakini nini?" Kiboko akashtuka.

"Aa, pengine ni kidole changu."

"Sema, shemeji!"

"Naona ina uzito kidogo huku mbele. Hiyo kengele ya nini? Mwenye mbio anampigia nani kengele, na wote wako nyuma yake? Na hayo madigadi? Matope yataanza lini kukufikia wewe?"

Kiboko akatazama kengele. Akatazama madigadi. Kwa! Akang'oa kengele. Krrraa! Akang'oa madigadi. Akainua kwa kidole.

"Nyepesi zaidi!"

"Si nilisema? Umepunguza kilo nzima hapo. Sasa ukila ndizi kidogo, uzito si unarudi palepale? Hujaongeza kitu."

Kiboko akakokotoa kichwani. Kilo imetoka, kilo inaingia. Hesabu ikamkubali. Akala mkungu mzima, nyam, nyam, nyam, na maganda yake.

Siku ya pili Bi Nguchiro akashuka na maboga sita.

"Hodi, shemeji."

"Karibu! Hebu inua, uniambie."

Akainua. "Nyepesi! Lakini..."

"Lakini nini tena?"

"Huku nyuma. Hili keria na hii stendi. Keria ni la wenye migongo myembamba kama mimi. Huo mgongo wako, shemeji, si utabeba dumu na kitanda? Tutalifunga kwa mipira, litakaa kama mtoto. Na stendi ni ya baiskeli inayosimama. Yako inasimama saa ngapi?"

Krrraa! Keria chini. Kwa! Stendi chini. Kilo tatu zimetoka. Maboga sita yakaingia, nyam, nyam, nyam, na sufuria la ugali alilolipika mwenyewe, maana alihisi amebakiwa na nafasi.

Siku ya tatu akashuka na miwa, tita zima. Na hapa lazima niwaambie ukweli, Bi Nguchiro alisita njiani. Kiboko alikuwa amemchimbia kaburi mumewe. Alimchimbia peke yake, bila kupumzika, wala hakudai chai. Akasimama na tita lake, akafikiri kurudi. Halafu akawakumbuka wale wanne, akajifuta pua, akapiga hodi.

"Karibu, shemeji! Inua haraka!"

"Nyepesi! Lakini..."

"Hakuna kilichobaki!"

"Zipo breki."

Hata Kiboko aliona hapo pana jambo. Akakuna shavu.

"Breki, shemeji? Breki si za kusimamia?"

"Ndizo hizo. Na wewe kesho unakwenda kusimama, au unakwenda kushinda? Isitoshe, mnapanda. Umewahi kuona mtu anafunga breki akipanda Katapumzi?"

Hilo ni kweli, hata nyie mnalijua. Anayepanda hafungi breki. Kiboko akacheka, hohohoho, akang'oa breki ya mbele, akang'oa ya nyuma, waya na vyote. Baiskeli ikabaki magurudumu, bomba, usukani, pedali na siti. Ukiiachia upepo unaondoka nayo. Akala miwa mpaka tita likaisha, akajilaza chali akihema, na tumbo limesimama juu yake.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu mwema. Ukikosa kazi nitakuajiri unioshee baiskeli."

"Ahsante, shemeji," akasema Bi Nguchiro.

Siku ya nne ikafika. Gulio zima lilijaa kando ya barabara. Bi Nguchiro akafunga dumu lake kwenye keria kama kila siku. Kiboko akafungwa lake mgongoni kwa mipira, mafundo saba, na aliyeyafunga ni Bi Nguchiro mwenyewe. Kanga akapiga kelele. Kang'a!

Kiboko akaondoka viuuu! Jamani, msimdharau mtu. Yule bwana alikuwa na nguvu na baiskeli ilikuwa nyepesi kweli. Kabla Bi Nguchiro hajapata pedali, yeye amekwisha ingia kona ya kwanza. Viuuu! Kona ya pili. Bi Nguchiro nyuma, kwecha, kwecha, kwecha.

Kona ya tatu zile ndizi zikaamka. Viuuu ikawa viu... viu. Kona ya nne maboga yakaamka. Kona ya tano Kiboko alikuwa akihema hadi majani yanainama, na spoku zinalia chini yake, ti, ti, ti. Lakini alikanyaga tu. Hakushuka kusukuma, maana mwenye baiskeli ya bei ile anaonekanaje akisukuma? Bi Nguchiro alikuwa ameshashuka zamani. Anasukuma, kwecha, kwecha, kwecha. Akainua macho, akamwona Kiboko anaingia gulioni.

Kiboko amefika wa kwanza! Bi Nguchiro akaona uji wa watoto wake unamwagika mbele ya macho yake, akaendelea kusukuma kwa sababu tu hakuna kingine cha kufanya na baiskeli iliyo katikati ya kilima.

Huko juu watu walishangilia. Kiboko akasimama mbele ya meza ya Kanga, kila mguu upande wake, baiskeli katikati, midomo imemkauka.

"Nimefika!"

"Nakuona," akasema Kanga. "Dumu?"

"Liko mgongoni."

"Mezani, Bwana Kiboko. Safari ni mzigo."

Kiboko akatafuta stendi kwa mguu. Hakuna. Akatafuta mtu wa kumshikia baiskeli, watu wakarudi nyuma, nani anataka kukanyagwa? Na kuilaza mavumbini baiskeli ya shamba zima, moyo ulimkatalia. Basi akapeleka mkono nyuma kufungua mafundo. Mkono mmoja hautoshi kwa mafundo saba. Akaachia usukani, akapeleka wa pili, akajikalisha kwenye siti ili apate kufikia. Na pale gulioni, mbele ya meza ya Kanga, ardhi haiko sawa hata kidogo, imeinama kama paa la nyumba.

Gurudumu likasogea nyuma. Kidogo.

"Heh," akasema Kiboko.

Likasogea tena. Akatafuta breki.

Mama weee! Viuuu! Kinyumenyume! Ndizi, maboga, ugali, miwa, dumu na mwenyewe, vyote vinateremka Katapumzi, mgongo mbele! "Pisheni! Sina kengele! Ngriiing! Ngriiing!" anapiga kwa mdomo. Kona ya tano, viuuu. Kona ya nne akampita Bi Nguchiro anayepanda.

"Shemejiiii!"

"Pole, shemeji!" akajibu Bi Nguchiro, na pole ile ilimtoka moyoni.

Kona ya tatu, ya pili, ya kwanza, hakuna tena kona, mto huo hapo. CHUBWIIII!

Bi Nguchiro akafika juu mwisho wa pumzi. Akaweka stendi, kwap. Akafungua dumu, akaliweka mezani. Halafu, kwa kuwa alikuwa binadamu kama sisi, samahani, nguchiro kama sisi, akapiga kengele mara moja. Ngriing.

"Barabara ni yako," akasema Kanga.

Jioni hakwenda kwanza nyumbani. Akaenda mtoni. Kiboko alikuwa ndani ya maji, pua na masikio tu nje.

"Shemeji, umeumia?"

"Sijaumia."

"Mimi ndiye niliyekulaghai. Kengele, stendi, breki, chakula, vyote. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

"Ndizi zilikuwa tamu," akasema Kiboko. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini niambie kweli, shemeji. Ile baiskeli ilikuwa nyepesi, au nilidanganywa na hao wa mjini?"

"Ilikuwa nyepesi, wallahi. Ilikuwa nyepesi mno. Kilichokuwa kizito ni sisi wengine wote."

Kiboko akapuliza maji, puuuh. Akajiachia. Mwili ule wote ukaelea, ukageuka upande huu, ukageuka upande ule, miguu haigusi chini. Akafumbua macho kwa mshangao.

"Shemeji! Hebu ingiza kidole uniinue!"

Bi Nguchiro akaingia maji ya magotini, akaweka kidole chini ya tumbo la Kiboko, akainua. Kiboko akapanda juu.

"Nyepesi?" akauliza Kiboko.

"Nyepesi, shemeji."

Akasubiri neno linalofuata. Bi Nguchiro hakulisema. Na tangu siku hiyo Kiboko hatoki majini mchana, na lile shamba la miwa aliloliuza hakulijutia.

Hadithi imefika juu, nami naiwekea stendi hapa. Mwenye kuitaka aisukume mwenyewe.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: uzeni mashamba yenu, mnunue baiskeli nyepesi, mzing'oe breki zake zote mkiweza. Mimi mwenyewe nimeshaanza kuchanga. Na wewe unayecheka hapo nyuma, nyanyuka uniletee ndizi.