Mikono ya Kumtoa Mtoto Nje

Hapo zamani, huko milimani ambako ukungu hukaa hadi mchana, aliishi mwanamke aitwaye Mboza. Alikuwa mpishi hodari, harusi haikunoga asipopika yeye. Alikuwa pia mjamzito, baada ya kungoja mtoto kwa miaka mingi.

Mwaka huo ikaingia homa ya kifua. Ikawashika watu, na wajawazito ndio iliowatesa zaidi.

Basi msusi wa vikapu mmoja, Kaoneka, akatundika vibuyu barazani kwake, kimoja kwa kila kitongoji. Kila asubuhi alizunguka, akasimama mbali na ua wa watu, akauliza, "Hapa nani kaamka na homa?" Aliyeugua alitiliwa punje ya hindi katika kibuyu cha kitongoji chake. Aliyepona, punje yake ilitolewa. Aliyetaka kujua homa iko wapi alikwenda akavitikisa vibuyu, akasikia.

Kibuyu cha Mtoni, alikokaa Mboza, kilikuwa kimya. Lakini homa ilikuwemo Mtoni, ila watu waliificha, maana mwenye homa alitengwa. Kaoneka akiuliza, walimjibu, "Sisi wazima, baba. Pita tu."

Kwa kuwa Mtoni palionekana salama, mkuu wa kitongoji hicho, Shemdoe, akaamua kumwoza binti yake. Wageni wakaalikwa kutoka kila upande, na Mboza akaitwa kupika.

Ikabaki siku moja tu kabla ya harusi. Asubuhi hiyo Kaoneka akapita kama kawaida. Mjane aitwaye Hoza, muuza maziwa, akatoka uani kwake akasema, majirani wote wakisikia, "Kwangu tunaumwa nyumba nzima, kaka. Na si kwangu tu. Tia punje."

Majirani wakatazama chini. Kisha mmoja akasema, "Na kwangu." Na mwingine, "Na kwangu, baba, tena tangu juzi." Kibuyu cha Mtoni kikawa kizito kuliko vyote.

Kaoneka akakipeleka kwa Shemdoe. Huko kuni zilikuwa zimeshapangwa, na Mboza anapepeta mchele. Shemdoe akakitikisa kibuyu, akasikia. Kisha akasema, "Mboza, mwanangu, weka ungo chini. Nenda nyumbani ukajifungie. Harusi haipo."

Wakwe wakaona wamedharauliwa, wakavunja uchumba. Homa ikakosa njia, maana watu walibaki majumbani mwao, ikachoka, ikapita. Na Mboza akajifungua salama mtoto wa kike.

Kwa desturi ya kwao, mtoto mchanga hutolewa nje na mtu mmoja, na huyo ndiye humpa jina na kuwa mlezi wake maisha yote. Mboza akamwambia mumewe, "Mwanetu huyu tumepewa na watu watatu. Waite waje."

Wakaja watatu, wakasimama uani.

Kaoneka alikuja na mkongojo. "Binti yangu," akasema, "kama si vibuyu, maneno ya Hoza yangeishia uani kwake. Nilizunguka mpaka homa ikanishika na mimi. Leo kupanda hadi hapa nimepumzika njiani mara nyingi."

Hoza akasema, "Vibuyu vilikuwepo, kaka, na cha Mtoni kilikuwa kinadanganya. Mimi ndiye niliyekisemesha. Tangu siku ile hakuna anayenunua maziwa yangu. Nawaachia ndama."

Shemdoe akasema, "Kibuyu kilisema na Hoza alisema. Lakini ningeweza kusikia nikanyamaza, na Mboza akapika, na wageni wakala. Binti yangu yuko ndani mpaka leo, na salamu yangu haiitikii."

Mboza alisimama kizingitini, mtoto kifuani. Akamtazama Kaoneka, akaona ni yeye. Akamtazama Hoza, akaona ni yeye. Akamtazama Shemdoe, machozi yakamtoka.

"Ahsanteni," akasema. "Ningekuwa na watoto watatu, nisingepata tabu."

Wote watatu wakanyoosha mikono. Mtoto ni mmoja.

Haya, nyinyi mliokuwa mkinisikiliza: mngekuwa ndio Mboza, mngemweka mikononi mwa nani?