Mtu Aliyetaka Kuona Vidole Vyake Mtoni

Soma hii taratibu, hata kama una haraka ya kwenda kubishana kwenye kundi jingine.

Kalistus alikuwa bingwa wa kabichi, na kama ulikuwa humjui angekueleza mwenyewe kabla hujakaa. Shamba lake liligusa mto Nyamkoe. Wenzake waliacha ukanda wa matete kando ya maji. Yeye aliyafyeka yote apate matuta mawili zaidi, akawacheka eti wanafuga nyasi. Mbolea ya kukuzia aliimwaga mawingu yakishatanda, ili mvua immalizie kazi ya kuifukia. Akili nyingi, mgongo hauumi.

Kabichi zilikuwa kubwa kama vichwa vya wabishi wa humu. Ila mto ukageuka kijani. Ukafunga utando mzito kama uji uliolala, ukanuka, samaki wakaelea matumbo juu.

Mkewe Odilia alizoea kusimama kivukoni akitazama kucha za miguu yake, alizozipaka rangi nyekundu, chini ya maji. Sasa akafunga kanga zake kurudi kwao, kule juu mto unakoanzia.

"Nitarudi siku mtu akisimama mle, maji yamfike magotini, na avione vidole vyake," alimwambia.

Kalistus akajibu kwamba wanawake wa kupika wapo wengi. Wiki ya pili alikuwa anakula ugali mbichi peke yake, upande mmoja wa mkeka ameuacha wazi. Kila ndoo ikigonga jiwe kivukoni, anatoka mlangoni. Si Odilia.

Mwezi haujaisha, akapanda mlima kwa baba mkwe, Mzee Haule, kulalamika kwamba watu wa juu wanachafua mto na kumvunjia ndoa. Akataja majina sita. Mzee alikuwa anachambua maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa bilauri ya kioo.

"Ukishuka, teka maji kila kivuko. Yakibadilika rangi, mkamate mwenye shamba hilo umlete. Nitamchapa mwenyewe, mkwe wangu, hata awe mtoto wa nani."

Kalistus akashuka kifua mbele, na fimbo ya kumletea mzee ameshaikata. Kivuko cha kwanza, maji safi. Cha pili, safi. Cha tano akaanza kukasirika kwamba mkosaji haonekani. Akafika mpakani mwa shamba lake, akateka: safi mpaka kitako cha bilauri. Akapita kabichi zake, akateka upande wa chini.

Kijani.

Akamwaga, akateka tena. Watu wa aina yetu huwa tunateka na mara ya tatu.

Kesho yake alirudi, mzee akamkaribisha chai.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata, baba."

"Yuko wapi?"

"Anakunywa chai yako."

Mzee hakucheka, wala hakuiomba fimbo. Alimwambia tu kwamba ile mbolea haikupotea: mvua iliibeba, na hapakuwa na tete hata moja la kuizuia. "Ulidhani unalisha kabichi. Umelisha mto, na mto umeota."

Odilia alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kalistus alisikia kikohozi chake, hakuthubutu kuita.

Akarudi, akavunja matuta manne ya kando ya maji, akapanda matete. Mbolea akaifukia kwa mkono, shina kwa shina, mvua ikiwa bado mbali. Wenzake wakamuuliza siku hizi anafuga nyasi ngapi. Kila Jumapili akitoka kanisani alikunja suruali, akasimama kivukoni, akainama kutazama. Mwaka wa kwanza, kijani. Mwaka wa pili aliona vifundo vya miguu, hafifu kama kivuli. Watu wakambatiza jina la Korongo, yule ndege wa kusimama majini, na habari za Korongo zikapanda mlima.

Mwaka wa tatu, Jumapili moja, akaviona vidole. Akavihesabu. Shule aliishia darasa la tatu, akadhani amekosea, akarudia polepole bila kuinua kichwa.

Vilikuwa ishirini, na kumi vina rangi nyekundu.

Funzo: Kabla hujamtafuta aliyekuchafulia maji, teka kwanza chini ya shamba lako, na ukimkuta mkosaji hapo, usimchape fimbo, mpe jembe.