Fisi Aliyetaka Kulishinda Ini Lake

Mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni, na midomo muifunge.

Alikuwako Mama Pimbi, mdogo kama kibuyu, na watoto wake watatu walishikwa na homa. Dawa ilikuwa mshubiri, na mishubiri yote ilikuwa ya Fisi. Fisi hakuipanda. Aliikuta kilimani, akailalia, ikawa yake. Ndiyo sheria hiyo, nasi tunaiheshimu sana.

Mama Pimbi akaenda. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Naomba jani moja, watoto wanaungua."

"Marahaba. Pole sana," Fisi akasema, kwa huruma nyingi isiyo na jani. "Haya nayatafuna mwenyewe, yaniongezee nguvu. Asubuhi moja, jioni moja."

Mama Pimbi akakitazama kilima kilichojaa majani. Moyo ulimuuma, lakini uso akautuliza.

"Na nguvu zimeongezeka?"

Fisi akajipapasa. "Bado."

"Zitaongezekaje? Ukimeza, dawa inashuka mpaka utumboni. Utumbo unafyonza kidogo. Hicho kidogo hakiendi mwilini moja kwa moja, kinapitia kwanza kwa ini. Ini linakivunjavunja, halafu ndipo linakuachia makombo."

"Ini langu mwenyewe linanidhulumu?"

"Ndiyo kazi yake. Na ini la mkubwa ni kubwa."

Fisi hakupenda kusikia kuna anayekula kabla yake. "Nitalishinda," akasema. "Nitalilisha mpaka lishibe."

Akatafuna majani kumi. Chwaku, chwaku. Tumbo likanguruma, buruburuburu. Akakimbilia kichakani. Huku nyuma Mama Pimbi akakata majani mawili.

Fisi akarudi, jasho linamtiririka. "Limeshiba?"

"Huo ulikuwa utumbo. Ini bado."

Akatafuna majani ishirini. Chwaku, chwaku. Buruburuburu. Kichakani. Mama Pimbi akapiga mluzi, Digidigi na Kanga wakaja na vikapu, wakakata.

Fisi akarudi anatambaa. "Limeshiba?"

"Huo nao ulikuwa utumbo. Ini bado."

Akatafuna yote aliyoweza kuyafikia. Chwaku. Buruburuburu. Safari hii kichaka kilikuwa mbali mno. Heshima ya mkubwa ikamwagikia palepale, mbele ya Kanga.

Akalala ubavu, macho ya manjano. "Mishubiri yangu iko wapi?"

"Mingine umeila, Bwana Mkubwa. Mingine tumeichukua."

Fisi akataka kuinuka amrarue. Miguu ikakataa.

Mama Pimbi akaenda nyumbani, akamkamulia kila mtoto tone moja tu, maana dawa ile aliijua. Siku ya tatu homa ikawatoka, wakaomba chakula, naye akakaa chini akalia kidogo, kisha akapika.

Ngano yangu imekoma hapo. Aliyecheka amepata chake, aliyenuna aniachie mimi.

Na funzo mnalitaka? Mama Pimbi hakusema uongo hata mara moja. Basi, watoto wazuri, semeni kweli daima, hasa kwa mtu mwenye kitu mnachokitaka.