Fisi Aliyechunga Usingizini

Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, na laiti zingerudi, wanyama na watu walikuwa wakila sinia moja. Fisi alikuwa mlinzi wa mbuzi kijijini. Msicheke, nyie. Usiku alikesha zizini, mchana akalala. Bi Nyamvula alimpenda kama ndugu, kwa kuwa mama wa Bi Nyamvula ndiye aliyemlea Fisi, wakacheza pamoja utotoni.

Mchana mmoja mbuzi wote walikutwa kwenye mahame, kijiji cha zamani kilichohamwa wakati wa ukame. Mmoja, mbuzi wa maziwa wa Bi Nyamvula, alikuwa ametumbukia kisimani akafa. Jogoo akatoa ushahidi barazani: "Fisi ndiye aliyewaswaga. Macho yalikuwa wazi, na alinipita bila hata salamu."

"Mimi nililala," Fisi akasema. "Haki ya Mungu, sikumbuki kitu."

"Mwizi gani hukubali?" Mzee Nyiro, mkuu wa baraza, akamkata kauli. "Mwizi wa mbuzi adhabu yake ni kufukuzwa porini."

Bi Nyamvula alikuwa na uchungu wa mbuzi wake, lakini uchungu wa kumpoteza Fisi ulizidi. "Fisi ampite mtu bila salamu? Hilo silijui mimi. Mwacheni alale, tumtazame."

Kesho yake mchana Fisi akalala, mara akainuka, akafungua zizi. Wakamfuata.

"Fisi, unakwenda wapi?" Mzee Nyiro akauliza.

"Nyumbani."

"Fisi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Mara ya tatu akamchoma mwiba mguuni. Fisi hakushtuka. "Nyumbani," akasema tu.

Kwenye mahame akasimama palipokuwa mlango wa marehemu mama aliyewalea. "Hodi, mama. Mbuzi wote wamerudi. Nyamvula yuko wapi, mbona hajaja kula?"

Bi Nyamvula akalia. Harufu ya jiko la mama yake ilimrudia, akatamani awe mtoto tena. Akamgusa Fisi begani, naye akazinduka, hajui yuko wapi.

"Hana hatia," Mzee Nyiro akasema. "Mwili ulitembea, mwenyewe hakuwamo. Hatumhukumu kwa asilolikusudia."

"Twende zetu, ndugu yangu," akasema Bi Nyamvula.

Fisi akakitazama kile kisima. "Mimi mmeniachia. Lakini huyo anayeamka nikilala simjui, siwezi kumwekea dhamana. Jana kafa mbuzi. Kesho je, akimshika mkono mjukuu wako?"

Akashika njia ya porini. Bi Nyamvula akamwita mpaka sauti ikamkauka.

Wanaosema fisi alifukuzwa na watu ni waongo. Alishinda kesi, akaondoka mwenyewe. Hadithi yangu nimeifikisha hapo.