Ghala Lisilouliza

Ghala lisilouliza hupokea hata nyoka. Mmemsikia yule mzee wa parachichi akiisema methali hiyo mnadani, mkadhani ni ya mababu. Thubutu! Ilipozaliwa, meno yangu ya mbele yalikuwa yameshaniaga. Chanzo chake ni hiki.

Mashamba ya kijiji chetu yalipopimwa ili watu wapewe hati, kazi ya kuchora ramani kwenye kompyuta alipewa Atuganile, binti wa hapahapa, aliyesomeshwa kwa kahawa ya mama yake.

Sasa, ramani ya kompyuta haili hewa. Ina ghala lake la habari, wenyewe huliita hifadhidata. Humo hukaa kila shamba, kila mpaka, kila jina. Na maghala hayo ni mengi, ya kuchagua kama vitenge. Mwenzake wa ofisini, Lusekelo, alimshauri achukue lile linaloijua ardhi, ambalo ukiliamuru hukataa shamba kulala juu ya shamba. Atuganile akalijaribu. Likakataa. Akarekebisha, likakataa tena.

"Hili ni ghala au mama mkwe?"

"Dada, mkwe anayeuliza hajakuchukia," Lusekelo akamjibu.

"Sina muda wa kuulizwa. Watu wanasubiri hati zao."

Akachagua jingine, jepesi, lisilo na neno. Ukiliwekea kitu, linameza. Hata mchumba wa wiki ya kwanza hakubali mambo upesi namna ile! Ramani ikakamilika, hati zikagawiwa, vigelegele vikapigwa, na Atuganile akasifiwa mpaka shingo ikarefuka.

Jumamosi moja akaja kumpokea mama yake, aliyekuwa anarudi kutoka msibani. Alipokata kona ya nyumbani, akaitafuta mibuni kwa macho. Mibuni haikuwepo. Yote ilikuwa imekatwa, visiki vyeupe vimetapakaa mpaka kisimani, kwenye masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka. Katikati amesimama jirani yao, Mzee Ambakisye, panga mkononi.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Salamu kwanza, binti."

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nasafisha shamba langu, nipande parachichi." Akachomoa hati kifuani. "Si umeichora mwenyewe? Wapimaji niliwaonyesha mpaka wa masale, wakapima."

"Hayo ni masale ya mama yangu, ya ng'ambo ya shamba lake!"

"Masale ni masale, mwanangu. Hayaandikwi jina."

Atuganile akafungua kompyuta juu ya kisiki. Shamba la mama yake lilikuwemo, zima. La Ambakisye nalo lilikuwemo, limelala juu yake, kitanda kimoja, shuka moja. Rangi ya juu ilikuwa imeifunika ya chini, ndiyo maana hakuliona. Ghala lilipokea yote mawili bila hata kuguna, na kila mmoja akapata hati yake.

Nyuma yake akasikia kitu kikianguka. Ni furushi la mama yake. Alikuwa amesimama, mikono bado iko kichwani, kama furushi halijaanguka.

"Nani kamruhusu?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

Atuganile angeweza kuwataja wapimaji. Akasema, "Ghala langu, mama. Halikumuuliza."

Mama huyu hajawahi kuingiza gunia ghalani kabla ya kutumbukiza mkono ndani na kuuliza limetoka kwa nani. Akamtazama mtoto, akamtazama Ambakisye na panga lake.

"Mwanangu," akasema, "ghala lisilouliza hupokea hata nyoka."

Baraza la ardhi lilifuta hati ya Ambakisye. Atuganile akahamishia kila shamba kwenye lile ghala gumu, na kila lilipomkatalia alisema, "Ahsante, mkwe." Visiki vikachipua, lakini mama yake alikaa misimu mingi bila kahawa ya kuuza.

Na yule mzee wa parachichi mliyemsikia leo? Ndiye Ambakisye mwenyewe. Alipanda kwake, upande wake wa masale. Methali hii anaipenda mno, anaisema kwa sauti kuliko sisi sote. Sijui kama anamjua nyoka ni nani, nami sitamwambia. Nanyi mnyamaze, bado nanunua kwake. Ila kila tunda nalibonyeza kwanza, nalinusa, nauliza limechumwa lini. Akinuna, namrudishia methali yake: ghala lisilouliza hupokea hata nyoka.